Dawa za presha zinazoishia na "pril": dalili zinazosumbua, chanzo chake na cha kufanya

Kaptopril, enalapril, lisinopril, ramipril, perindopril. Ukiona jina la dawa ya presha linaishia hivyo, unatumia dawa ya kundi la vizuizi vya ACE. Usitegemee jina kubwa la kampuni lililo mbele ya boksi. Soma jina dogo lililo chini yake au nyuma ya karatasi ya vidonge, kwa sababu dawa ileile huuzwa kwa majina mengi ya biashara.

Mwilini kuna kimeng'enya kiitwacho ACE, chenye kazi mbili. Kwanza kinatengeneza angiotensini II, kemikali inayobana mishipa ya damu na kuufanya mwili ushikilie chumvi na maji. Pili kinavunjavunja bradikinini, kemikali inayotanua mishipa na kuchokoza njia ya hewa. Dawa ikikizuia, mishipa inalegea na presha inashuka, ila bradikinini nayo inaongezeka. Matatizo mengi yanayoripotiwa na wagonjwa yanatoka upande mmoja au mwingine wa jambo hilo, na ukishalielewa, utajua lipi ni la kuvumilia na lipi ni la kukimbilia hospitali.

Yapo mambo matano yanayotaka kidonge kisimame bila kungoja miadi ya kliniki: kuvimba uso, midomo au ulimi, mimba, macho ya njano, kuzimia au namba ya juu ya presha kuwa chini ya 90, na kutapika au kuharisha kunakokausha maji mwilini (hapa unasimama kwa muda tu). Kwa mengine yote, usiache dawa kimyakimya. Presha hurudi juu bila kukuambia.

Midomo, ulimi, kope au uso umevimba

Tunaanza na hili kwa kuwa ndilo linaloua haraka. Ni nadra, lakini watu wenye asili ya Afrika hulipata mara kadhaa zaidi kuliko wengine, kwa hiyo kila nyumba yenye mgonjwa wa presha katika ukanda wetu inapaswa kulijua.

Chanzo cha kwanza cha kushuku ni dawa yenyewe, hata kama umeitumia miaka mitano bila shida. Hapa ndipo wengi hupotea. Mtu anaamka mdomo wa juu umevimba, anakumbuka alikula pweza au karanga jana, analaumu chakula. Uvimbe unaisha baada ya siku moja au mbili, anaendelea na kidonge, na mara nyingine unarudi ukiwa kwenye ulimi na koo. Dalili inayosaidia kutofautisha: uvimbe wa bradikinini kwa kawaida hauwashi wala hauleti vipele vya kunyanyuka kwenye ngozi. Mzio wa chakula au wa kung'atwa na nyuki mara nyingi huleta vyote viwili.

Cha kufanya:
1. Usimeze kidonge kingine cha kundi hili.
2. Nenda hospitali hata kama uvimbe ni mdogo na unapumua vizuri, kwa sababu unaweza kukua ndani ya saa chache.
3. Mgonjwa akae wima, asilazwe chali.
4. Sauti ikibadilika, mate yakidondoka kwa kushindwa kumeza, au pumzi ikitoa mlio, hiyo ni dharura ya dakika. Chukueni gari lolote lililo karibu.

Piriton na sindano ya haidrokotisoni mara nyingi hazisaidii hapa, kwa kuwa zinapambana na mzio wa kawaida na si na bradikinini. Usikae nyumbani ukisubiri Piriton ifanye kazi. Ukifika, tamka jina la dawa yako ya presha kabla hujaulizwa, maana mhudumu asipolijua atatibu mzio wa chakula na kukurudisha nyumbani na kidonge kilekile.

Aliyewahi kupata uvimbe huu hatumii tena "pril" yoyote maisha yake yote, na si ile moja tu iliyomdhuru. Andika hilo kwenye jalada la daftari la kliniki kwa herufi kubwa. Kuna sura nyingine ya tatizo hilihili inayojificha tumboni: maumivu makali ya tumbo na kutapika kunakokuja na kuondoka, vipimo vya kawaida visionyeshe kitu. Mweleze daktari kwamba unatumia dawa hii. Huenda asiwe ameiwazia.

Kikohozi kikavu kisichoisha

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Koo linakereketa, kikohozi hakitoi makohozi, usiku kinazidi. Kinaweza kuanza wiki ya kwanza au baada ya miezi sita, na wanawake hukipata zaidi. Pitia sababu kwa mpangilio huu:

Mafua ya kawaida. Kama kuna kamasi, homa ndogo na watu wengine nyumbani wanakohoa, subiri wiki mbili.

Dawa. Ishara ni kikohozi kikavu, hakuna homa, hujapungua uzito, na kilianza baada ya kuanza vidonge. Tafuta tarehe uliyoanza dawa kwenye daftari lako na uilinganishe.

Kifua kikuu. Kwetu hatuna ruhusa ya kuiruka hatua hii. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinapimwa makohozi, hasa kikiambatana na jasho la usiku, kupungua uzito, homa za jioni au damu. Daktari akisema "ni dawa tu" bila kukuuliza hayo, yataje mwenyewe.

Moyo kushindwa kusukuma damu vizuri. Unakohoa ukilala chali, unahitaji mito miwili au mitatu, miguu imevimba, unahema kwa kupanda ngazi. Hapo kuacha dawa kunaweza kukudhuru zaidi, kwa sababu kundi hili ni tiba ya moyo huo pia. Nenda ukaonwe upesi.

Pumu na tindikali inayopanda kooni huja mwishoni mwa orodha.

Ikithibitika kuwa ni dawa, dawa za maji za kikohozi hazitakisaidia, unapoteza pesa. Kupunguza dozi nako husaidia kidogo sana. Kuhama kutoka enalapril kwenda lisinopril hakusaidii, kwani zote zinazuia kimeng'enya kilekile. Njia iliyozoeleka ni daktari kukuhamishia kundi la jirani, lile la majina yanayoishia na "sartan", kama losartan, valsartan au telmisartan, ambalo haliongezi bradikinini kwa namna hii. Kikohozi hupungua ndani ya wiki moja hadi nne, wengine hadi miezi mitatu. Kikipita hapo bado kipo, dawa haikuwa mkosaji, au haikuwa peke yake. Uchunguzi uanze upya.

Na tafadhali usimeze "pril" na "sartan" kwa pamoja. Hutokea pale mtu anapopewa losartan mpya huku enalapril ya zamani ikiwa bado kabatini. Figo huumia na potasiamu (madini ya kwenye damu ambayo yakizidi ni hatari kwa moyo) hupanda.

Kizunguzungu, hasa ukisimama

Pima kabla ya kukisia. Kaa dakika tano, pima. Simama, pima tena baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, presha yako inaanguka ukisimama. Isiposhuka, kizunguzungu kinaweza kuwa cha sikio, upungufu wa damu au sukari.

Sababu ya kawaida kabisa ni siku za mwanzo, hasa dozi ya kwanza. Daktari wengi huanza na dozi ndogo na kuagiza imezwe wakati wa kulala, ili anguko likikupata uwe kitandani. Ukiamka usiku kwenda chooni, kaa ukingoni mwa kitanda dakika moja kwanza.

Inayofuata ni dawa za kukojosha, kama Lasix au haidroklorothiazidi. Mwili uliokwisha kupoteza maji na chumvi unategemea sana angiotensini kushikilia presha. Ukiiondoa kwa ghafla, presha inadondoka. Kama unatumia dawa hizo, mwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza. Huenda akazipunguza siku mbili tatu kabla.

Kisha upungufu wa maji: jua kali, kazi za shamba, mfungo. Wakati wa Ramadhani, lisinopril inayomezwa mara moja kwa siku hupangika kwa urahisi baada ya futari. Kaptopril ya mara mbili au tatu kwa siku ndiyo inayosumbua, na Lasix ya daku itakukausha mchana kutwa. Onana na kliniki wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, usijipangie saa mwenyewe.

Halafu kuna kumeza dawa moja mara mbili bila kujua, kwa kuwa boksi mbili zina majina tofauti ya biashara. Pombe nayo, na vidonge vya nguvu za kiume, ambavyo vijana kwa wazee huvinunua bila kumwambia mtu. Vinatanua mishipa na kuongeza anguko. Mfamasia hatakucheka, mwambie.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi apime sukari pia akipata kizunguzungu, jasho na kutetemeka. Kizuizi cha ACE kinaweza kushusha sukari kidogo wiki za mwanzo.

Hatua: lala, inua miguu, kunywa maji kama hujakatazwa. Namba ya juu ikiwa chini ya 90, au umezimia, usimeze dozi inayofuata hadi uongee na mtoa huduma. Kuzimia pamoja na maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kukwama ni safari ya hospitali papo hapo.

Presha haishuki

Kabla ya kulaumu dawa, hakikisha namba ni ya kweli. Usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa kabla. Kojoa. Kaa na mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono mezani usawa wa moyo, kimya kwa dakika tano. Mkanda ukae kwenye ngozi na si juu ya shati. Mkono mnene unahitaji mkanda mpana, kwani mdogo husoma juu kuliko ukweli. Pima mara mbili kwa nafasi ya dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku saba, uandike zote. Wastani wa nyumbani wa 135/85 au zaidi unahesabika kuwa juu.

Namba zikiwa za kweli, chanzo kikubwa kuliko vyote ni vidonge visivyomezwa. Vimeisha na pesa haijapatikana, au vinamezwa siku kichwa kinapouma tu, au mtu amepona "presha" baada ya kipimo kimoja kizuri. Kipimo kizuri ni kazi ya dawa. Kama tatizo ni bei, liseme waziwazi kliniki. Enalapril na kaptopril za jina la kawaida hufanya kazi, na kubadilishiwa ni bora kuliko kuruka siku.

Cha pili ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko cha chai kisichojaa sana, ikihesabiwa na ile iliyofichika kwenye mkate, viungo vya mchuzi vya paketi, ng'onda na dagaa wa chumvi. Chumvi nyingi huidhoofisha dawa ya kundi hili moja kwa moja.

Cha tatu, dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na naproxen hubana damu inayoingia kwenye figo na kuifuta kazi ya kidonge chako. Mchanganyiko wa diklofenaki, "pril" na dawa ya kukojosha umeziharibu figo nyingi za wazee wenye magoti mabovu. Kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamoli, gramu 1 kila baada ya saa sita au zaidi, isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima mwenye ini zima. Mzee, mtu mwembamba au mnywaji apunguze. Dawa za kufungua pua zenye pseudoefedrini au fenilefrini nazo hupandisha presha.

Cha nne, muda na dozi. Nguvu kamili huonekana baada ya wiki mbili hadi nne. Dozi ya kuanzia, kwa mfano lisinopril miligramu 10, mara nyingi si dozi ya mwisho. Kwa kaptopril, chakula hupunguza kiasi kinachoingia mwilini, ndiyo maana humezwa saa moja kabla ya kula. Enalapril na lisinopril hazina sharti hilo.

Na kuna jambo ambalo lingepaswa kuelezwa kila kliniki: kwa watu wenye asili ya Afrika kundi hili likitumika peke yake mara nyingi hushusha presha kidogo. Si kwamba dawa ni feki. Likiongezewa amlodipini (dawa ya presha ya kundi lingine) au haidroklorothiazidi kwa dozi ndogo, kazi inaonekana. Kwa mwenye kisukari kinachovujisha protini kwenye mkojo, au mwenye moyo dhaifu, "pril" inabaki hata kama namba hazishuki sana, kwa sababu inalinda figo na moyo wake.

Ukimeza dawa tatu kwa uaminifu, moja ikiwa ya kukojosha, na presha bado iko juu, au unakoroma na kuamka umechoka, omba rufaa ichunguzwe figo, homoni na usingizi.

Namba ya 180/120 na kuendelea pamoja na maumivu ya kifua, kuhema, kuona giza, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja ni dharura. Bila dalili hizo, tulia, pima tena baada ya dakika tano, na ukiona bado iko hapo onana na daktari siku hiyohiyo. Usimung'unye vidonge vya ziada chini ya ulimi ili uishushe upesi. Anguko la ghafla linaweza kuunyima ubongo damu.

Unatapika, unaharisha au huwezi kula wala kunywa

Figo iliyokauka hutegemea angiotensini kudumisha msukumo wake. Kizuizi cha ACE kikiendelea wakati huo, figo inaweza kusimama ndani ya siku chache. Kubaliana na daktari wako mapema, ukiwa mzima, kwamba siku kama hizo utasimamisha kidonge, pamoja na dawa ya kukojosha, diklofenaki na metformini (dawa ya kisukari), kisha utavirudisha (isipokuwa diklofenaki) ukiwa umekula na kunywa vizuri kwa saa 24 hadi 48. Mwenye moyo dhaifu apige simu kliniki kabla ya kusimamisha.

Kunywa maji ya chumvichumvi ya ORS, paketi kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita moja. Kama una homa, pima malaria. Nenda hospitali ukikaa saa nane bila kukojoa, mkojo ukiwa mchache na mweusi kama chai ya rangi, au ukianza kusinzia isivyo kawaida. Ukipewa Septrin kwa kuharisha au mkojo, mkumbushe anayekupa kwamba unatumia "pril", kwa sababu zikikutana potasiamu inaweza kupanda kwa hatari.

Majibu ya damu: potasiamu au kreatinini imepanda

Vipimo hivi hufanywa kabla ya kuanza, wiki moja hadi mbili baada ya kuanza au kuongezewa dozi, kisha walau mara moja kwa mwaka. Mwenye figo dhaifu mara nyingi zaidi. Potasiamu ikipanda kwa kawaida huisikii, kwa hiyo kujiona mzima si kipimo.

Kreatinini ni taka ya mwilini inayoonyesha figo zinavyofanya kazi; kupanda kwake hadi asilimia 30 mwanzoni kunakubalika. Ikizidi hapo, tafuta kwanza kuharisha, diklofenaki na dawa za kukojosha zilizozidi. Baada ya hapo ndipo wataalamu huangalia kama mishipa ya figo imeziba.

Kwa potasiamu, sababu ya kuanza nayo ni sampuli mbaya: mgonjwa alikunja ngumi muda mrefu, au damu ilikaa kabla ya kupimwa na seli zikapasuka. Kama namba haiendani na hali yako, kipimo kirudiwe. Zinazofuata ni dawa: spironolaktoni, Septrin, diklofenaki, "sartan" iliyobaki kabatini. Kisha "chumvi ya wagonjwa wa presha", ambayo mara nyingi ni kloridi ya potasiamu. Usiitumie bila ruhusa. Madafu nayo: kikombe kimoja kina takriban miligramu 600 za potasiamu. Mwenye figo nzima hana haja ya kuogopa dafu moja wala ndizi. Mwenye figo dhaifu anayekata kiu kwa madafu matatu kwa siku anapaswa kuacha.

Juu ya milimoli 5.5 kwa lita daktari hupunguza dozi au kusimamisha. Ikifika 6.0, au misuli ikilegea na moyo kwenda polepole au kurukaruka, ni hospitali siku hiyohiyo.

Hedhi imechelewa

Pima mimba mara moja. Ikiwa ipo, acha kidonge siku hiyo na uende kliniki ndani ya siku chache, usingoje tarehe ya kawaida. Katika miezi ya kati na ya mwisho dawa hizi huzuia figo za mtoto kufanya kazi, maji ya mimba hupungua, na mtoto anaweza kufa. Usikae bila tiba. Zipo methildopa, labetalol na nifedipini ya kutoa dawa taratibu. Anayepanga kuzaa abadilishiwe kabla. Baada ya kujifungua, enalapril na kaptopril huweza kutumika wakati wa kunyonyesha kwa ushauri wa daktari, mtoto akiwa si njiti.

Mengine

Ladha ya chuma mdomoni huletwa zaidi na kaptopril, na mara nyingi huisha yenyewe ndani ya miezi miwili au mitatu. Harufu hafifu ya salfa kwenye vidonge vyake ni ya kawaida. Vilivyobadilika rangi, kulainika au kumong'onyoka virudishe dukani. Usiviweke juu ya jokofu, bafuni wala kwenye gari.

Umesahau dozi: meza ukikumbuka, isipokuwa inayofuata imekaribia. Usimeze mbili.

Homa na koo kuuma ukiwa kwenye kaptopril, hasa kama figo ni dhaifu, zinahitaji hesabu ya seli nyeupe. Macho ya njano, acha dawa na uonwe siku hiyo.

Ukipangiwa upasuaji, mwambie mtoa usingizi jina na saa ya dozi ya mwisho. Mara nyingi ataagiza uiruke siku hiyo, kwa sababu pamoja na dawa za usingizi presha inaweza kuanguka na kuwa ngumu kuinua.